Siku moja maabarani Mombasa: bakteria anaijuaje katikati yake?

Saa 11:30 alfajiri niko kivukoni Likoni. Feri inapakia watu, mikokoteni, matatu. Inakaa hapo, inakatiza mkondo upesi, kisha inakaa tena upande wa kisiwani. Ukiihesabia muda wake kutwa, mwingi inaumalizia kwenye kingo mbili. Katikati ya mkondo inapita tu.

Saa 1:00 nimeshafika maabarani, mahamri na mbaazi zimenishika tumbo. Natoa sahani za jana kwenye inkubeta ya digrii 37. Tatu kati ya sampuli za mkojo zimeota madoa ya waridi, dalili ya Escherichia coli. Kwenye joto hili, akishiba, bakteria huyu hujigawa kila dakika 20 hivi. Ndiyo maana chembe moja isiyoonekana jioni huwa doa la kuonekana kwa macho asubuhi.

Saa 3:00 mwanafunzi wetu wa mafunzo ananiita kwenye hadubini. "Mwalimu, hii ni kuvu?"

Naangalia. Badala ya vijiti vifupi vya mikromita 2 hivi, kuna nyuzi ndefu za waridi, nyingine zimepinda kama uzi uliodondoka kwa fundi cherehani. Si kuvu. Nasoma fomu: mgonjwa alianzishwa sefaleksini, antibiotiki, siku moja kabla ya mkojo kuchukuliwa. Dawa hiyo huishika protini inayojenga ukuta wa kutenganisha chembe mbili. Bakteria anaendelea kurefuka na kunakili DNA yake, ila kukatika hawezi.

"Na akiwa mzima, anajuaje pa kukatia?"

Kwa swali hilo niliacha kila kitu. Nikachora kijiti ubaoni. Mahali pa kukatia hufungwa pete ya protini iitwayo FtsZ. Pete hiyo ilionekana mwaka 1991. Mwenye kuielekeza ni jozi ya protini, MinC na MinD, ambayo huizuia pete isifungwe popote ilipo yenyewe. MinD hujibandika kwenye utando wa ncha moja, protini ya tatu, MinE, huja kuing'oa, nayo huenda kujibandika ncha ya pili. Safari ya kwenda na kurudi huchukua kama dakika moja. Mwaka 1999 watafiti waliiunganisha MinD na protini ing'aayo ya yavuyavu (jellyfish), wakaiona ikirukaruka hivyo ndani ya bakteria aliye hai. Hadubini yetu haiwezi kutuonyesha hilo, na natamani sana siku moja iweze.

Mwanafunzi pia ni wa Likoni, kwa hiyo nikamwambia aifikirie feri. Kizuizi kinakaa zaidi kwenye kingo, katikati kinapungua, pete inapata nafasi hapo. Zipo pia protini zinazokaa juu ya DNA, kama SlmA, zisiache pete ifungwe juu yake. Vuruga mfumo wa Min, na bakteria hukatia karibu na ncha, akizaa kijichembe kisicho na DNA, kisichoweza kuzaa tena. Bakteria mwingine, Bacillus subtilis, yeye hana safari hizi: kizuizi chake hung'ang'ania kwenye ncha.

Saa 7:00 mchana nampigia simu daktari wa wodi. Namsihi, kwa heshima, mkojo uchukuliwe kabla ya dozi ya kwanza. Sampuli iliyotanguliwa na dawa inaweza kukataa kuota, na mgonjwa akaambiwa hana kitu. Hili linaniuma kila linapotokea.

Mchana wote uliobaki ni ripoti.

Saa 12:15 jioni tuko kivukoni pamoja. Mwanafunzi amenyamaza, anautazama ukingo. Filimbi inapulizwa, feri inaanza kuondoka.

"Mwalimu, basi MinE ni wale wapuliza filimbi."

Nilikuwa sijawahi kuwafikiria.