Mlango uko wazi, mume wangu haingii

Kwetu Likoni mtoto akishikwa na homa unambeba, unaketi kwenye benchi na wenzako, jioni umerudi na dawa. Hapa Texas, tangu mume wangu aingie jeshini, hata homa hupangiwa miadi.

Bima yetu ni TRICARE Prime, ya wanajeshi wa Marekani na familia zao. Kila mtu amepewa daktari wake wa kwanza, na bila rufaa yake humfikii wa ngozi wala wa masikio. Hatutoi hata senti, nashukuru. Lakini hiyo simu ya kuomba miadi! Mara ya kwanza nilisema tu "mtoto hajisikii vizuri", nikapewa siku ya sita. Nikanyamaza, mgeni atagomba na nani? Mkenya mwenzangu, mke wa sajini, alicheka: "Dadangu, hukuwaambia ni haraka?" Kumbe kanuni yao ni kwamba ugonjwa wa haraka uonwe ndani ya saa 24, wa kawaida ndani ya siku 7, na kwa daktari bingwa ndani ya siku 28. Siku hizi nataja digrii za homa kabla hata ya salamu.

Nafasi zikiisha nampigia muuguzi wa simu, ambaye yuko usiku na mchana. Akiona si jambo la kungoja, hunielekeza kliniki ya dharura ndogo nje ya kambi, na watoto hawahitaji rufaa kwenda huko. Ila usichelewe miadi. Nilikwama kwenye foleni ya magari kwenye geti la kambi, nikafika dakika 15 baadaye, nikaambiwa nipange upya. Na mtoto sikio linatoka usaha.

Sasa huyo askari mwenyewe. Yeye ana siki koli: alfajiri anajipanga zahanati na wagonjwa wenzake, anaonwa bila miadi. Haendi! Anaogopa kutoka na profaili, ile karatasi ya kumzuia kukimbia na kubeba mzigo. Kikosini wataanza kunong'ona kwamba anatega kazi, na yeye anataka cheo.

Mwezi uliopita nilimkuta bafuni anajifunga bendeji gotini, mlango kaurudishia. Nikamwambia, baba watoto, nenda ukaonwe. Akasema wiki ijayo. Hii ni wiki ijayo ya nne, na ngazi za nyumbani anashuka kwa mguu mmoja.