Mobil 1 inalipa au hailipi? Nilivyoipima

Swali la kama Mobil 1 inalipa lina kasoro tangu mwanzo, kwa sababu Mobil 1 si oili moja ya injini. Ni ukoo mzima. Mobil 1 FS 0W-40 na Mobil 1 ESP 5W-30 zote ni za sintetiki na zote zimeandikwa jina lile lile kwa herufi kubwa, lakini kazi zake ni tofauti. FS 0W-40 ina idhini ya Mercedes-Benz 229.5 na Porsche A40, na iko daraja la A3/B4 la ACEA, chama cha watengenezaji magari wa Ulaya. ESP 5W-30 iko daraja la C3, ambalo haliruhusu majivu kuzidi asilimia 0.8, kwa ajili ya magari yenye filta ya masizi kwenye bomba la moshi. Ukimimina ile ya kwanza kwenye dizeli yenye filta hiyo, masizi yataungua kama kawaida ila majivu ya oili hayaungui. Yanabaki mle ndani, yanajaza vitundu kidogo kidogo, mpaka siku filta inaziba na unaambiwa ununue nyingine.

Kwa hiyo sikuanza kwa kuuliza watu wanaionaje. Nilianza na kitabu cha gari, ukurasa wa vipimo, nikanakili mambo matatu: daraja la mnato (zile namba kama 5W-30), kiwango kinachotakiwa (API ya Marekani, ILSAC ya watengenezaji magari wa Marekani na Japani, ACEA au namba ya mtengenezaji wa gari), na umbali wa kubadilisha. Kisha nikatafuta karatasi ya data ya aina ile ile ya oili. Maneno ya mbele ya dumu siyajali. Nyuma ya dumu kuna maneno mawili ya kutenganisha. Oili "iliyoidhinishwa" na kampuni ya gari imepita vipimo vinavyotakiwa na kampuni hiyo na imo kwenye orodha yake. Oili "inayopendekezwa kwa magari yanayotaka" kiwango fulani ni madai ya mwenye oili mwenyewe. Huenda ni ya kweli, lakini kama gari bado lina waranti, mimi nataka lile neno la kwanza.

Kwenye karatasi ya data nasoma namba chache tu. Mnato wa nyuzi 100 za Selsiasi, kwa sentistoki (cSt): oili ya daraja la 30, yaani namba ya mwisho ya 5W-30, huwa kati ya 9.3 na 12.5, ya 40 huanzia 12.5 hadi chini ya 16.3. Kisha mnato wa nyuzi 150 chini ya msuguano mkali, unaoandikwa HTHS. Huu ndio unaohusu beringi za kranki injini ikiwa imebanwa. A3/B4 na C3 zinadai usipungue 3.5 mPa·s, oili ya 30 ya kubana mafuta inaweza kuwa 2.9 au juu yake kidogo. Ndiyo maana 5W-30 mbili zinaweza kufanana kwenye dumu na zisifanane kabisa ndani ya injini. Namba ya tatu ni uvukizi, yaani Noack: ILSAC inaruhusu hadi asilimia 15, A3/B4 hadi 13, na Mercedes 229.5 hadi 10. Kadiri namba hii ilivyo ndogo ndivyo oili inavyopotea polepole kwenye injini ya moto. Si kila karatasi huitaja, ila kama dumu lina idhini ya 229.5, jibu tayari unalo.

Ile hoja ya kama msingi wake ni PAO ya Kundi la IV, yaani mafuta yaliyoundwa kwa kemia, au mafuta ya petroli yaliyosafishwa sana ya Kundi la III nimeiacha kabisa. Kinachopimwa ni oili iliyokamilika, pamoja na kemikali zake za nyongeza. Vivyo hivyo na zile mashine za maonyesho ambamo oili inamwagiwa gurudumu la chuma linalosugua beringi hadi ligome. Jaribio lile linapima kitu ambacho injini haikifanyi, na hata shampuu ya nywele inaweza kuishinda oili nzuri pale.

Upimaji wenyewe ulihusu injini mbili: moja ya petroli ya kawaida isiyo na turbo, nyingine ndogo yenye turbo inayopuliza petroli moja kwa moja kwenye silinda. Kanuni ni kubadili kitu kimoja tu. Filta ya oili ya aina ile ile, filta ya hewa mpya mwanzoni, njia na mzigo ule ule. Kwanza nilikimbiza oili ya kawaida iliyofikia kiwango cha kitabu ili niwe na cha kulinganisha. Mtu akiweka sintetiki leo akasema injini imekuwa laini, ukichunguza ametoa oili iliyochoka akaweka mpya. Hata ile ya bei rahisi ingemlainishia.

Kijiti cha oili ni kipimo cha bure, na wengi hukisoma vibaya. Gari liwe mahali tambarare, injini ipate moto, izimwe, ingoje dakika 10. Chomoa kijiti, kifute, kirudishe mpaka mwisho, chomoa tena, kisha soma pande zote mbili. Mara nyingi upande mmoja utasoma juu zaidi kwa sababu umekwangua oili iliyoshika ukutani mwa mrija. Amini upande unaosoma chini. Nafasi kati ya alama ya chini na ya juu huwa kama lita moja kwenye magari mengi, lakini si yote, ndiyo maana niliipima wakati wa servisi: nilijaza karibu na alama ya chini, nikawasha injini dakika moja ili filta ijae, nikazima, nikangoja, nikaisogeza hadi alama ya chini kamili, kisha nikaongeza kwa chupa yenye alama za mililita hadi juu. Tangu hapo kila milimita ya kijiti ina kiasi chake. Nasoma kila kilomita 1,000 na kuandika.

Usomaji huu unaonyesha jambo lingine ambalo watu hawalitazamii: kijiti kinapanda. Oili haizaliani mle ndani. Ni petroli inayopita kwenye ringi za pistoni wakati injini haijapata moto na kushukia kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Injini ndogo za turbo zinazoendeshwa safari fupi fupi zinaongoza kwa tabia hii. Hapo sintetiki ya bei yoyote inakuwa nyepesi kama nyingine, na dawa ni kuimwaga mapema.

Rangi sikuihesabu. Oili inayogeuka nyeusi haraka kwenye dizeli huenda inafanya kazi yake ya kubeba masizi vizuri tu.

Kipimo kingine ni maabara, inayohesabu metali na kemikali zilizomo kwenye oili iliyotumika. Sampuli yake huchukuliwa injini ikiwa ya moto. Safisha eneo la bolti ya sampu kwanza, fungua, acha oili ikimbie kidogo, kisha kinga katikati ya mkondo kiasi cha mililita 100 kwenye chupa safi na kavu. Ukikinga ya mwanzo unabeba uchafu wa bolti. Ukikinga ya mwisho unabeba mashapo. Andika kilomita za oili, kilomita za gari, na kiasi ulichoongeza njiani, maana oili mpya huzimua ile ya zamani na kuzifanya namba zionekane nzuri kuliko zilivyo.

Ripoti ikija, usilinganishe namba tupu. Chuma cha 20 ppm (sehemu 20 kwa milioni) kwa kilomita 10,000 ni 2 kwa kila kilomita 1,000. Cha 12 ppm kwa kilomita 5,000 ni 2.4. Injini ya 20 ndiyo iliyokwanguka polepole zaidi. Silikoni ikipanda pamoja na alumini na chuma, kagua filta ya hewa na mpira wake wa kuziba, kwa kuwa huo ni mchanga. Silikoni ikipanda peke yake baada ya injini kufungwa upya, mara nyingi ni ile gundi ya kuzibia sampu. Sodiamu na potasiamu zikitokea pamoja, shuku maji ya rejeta kuingia kwenye oili. Molibdenamu na boroni aghalabu ni kemikali za oili yenyewe, kwa hiyo usishtuke. Kisha TBN, akiba ya alkali inayoua asidi: ikishuka karibu na 2, au ikikutana na namba ya asidi, oili hiyo imemaliza kazi hata kama inang'aa.

Ripoti ya kwanza baada ya kubadili aina ya oili niliiweka kando bila kuitolea uamuzi. Daima kuna oili ya zamani inayobaki kwenye njia ndogo za injini, na kemikali mpya zinaweza kutikisa utando uliokuwepo, hasa shaba ikapanda kwa muda. Ripoti zinazofuata ndizo za kuaminika.

Maabara nayo ina upofu wake. Kipimo cha kawaida cha metali huona chembe ndogo sana, za mikroni chache. Beringi inayomeguka vipande inaweza kutoa ripoti safi. Hivyo nafungua filta iliyotoka. Nakata kopo lake kwa kikatio cha mkono cha kuzungusha, si msumeno, kwa sababu msumeno humwaga unga wa chuma kwenye kile unachotaka kukichunguza. Natoa karatasi, naikamua kwenye jiliwa, naikunjua juani, napitisha sumaku. Vimetameta vichache vya kawaida havinisumbui. Vipande vinavyoshika ukucha, au vya rangi ya shaba ambavyo sumaku haivigusi, vinanifanya niiache injini hiyo isiwashwe mpaka ikaguliwe.

Matokeo hayakuwa ya kutangazia. Kwenye injini ya kawaida, iliyobadilishwa oili kila kilomita 5,000, chuma kwa kila kilomita 1,000 hakikutofautiana kiasi cha kunishawishi. Sintetiki ilitoka ikiwa bado na TBN ya kutosha, maana yake nilikuwa namwaga nguvu niliyoilipia. Kwa injini kama hiyo, oili hii hulipa pale tu inapoachwa ifanye umbali ambao kitabu kinauruhusu, na hesabu sahihi ni gharama ya oili pamoja na filta kwa kila kilomita 1,000. Bei ya dumu peke yake haitoshi. Kitabu kikisema 10,000 na ukaishia 5,000 kwa mazoea, nunua ile rahisi yenye kiwango kinachotakiwa.

Kwenye turbo sikuona sababu ya kubishana. Turbo ikizimwa ikiwa moto, oili iliyobaki kwenye beringi yake inapikwa, na oili inayovukika upesi haiachi makaa sawa na ile isiyooza kirahisi kwa joto. Pia injini hizi zinahitaji angalau API SN Plus ya mwaka 2018 au SP ya 2020, viwango vilivyoongezwa kipimo dhidi ya mlipuko wa mapema kwenye silinda. Tatizo hilo huchochewa na kalisi nyingi kwenye kemikali za kusafisha, kwa hiyo watengenezaji walipunguza kalisi na kuongeza magnesiamu. Nilibaki na sintetiki, ila kwa sababu ya petroli inayoshukia kwenye sampu umbali nikaushusha chini ya ule wa kitabu.

Injini kuukuu iliyojaa tope ni habari nyingine. Sintetiki haitoboi sili. Inachofanya ni kuosha tope lililokuwa limeziba sili iliyokwisha kufa, na uvujaji unaonekana. Tope hilo likishuka kwa mkupuo linaweza kuziba chujio la pampu, na taa ya presha ikawaka. Injini ya namna hiyo naipa oili ya kawaida nzuri, naibadilisha kila kilomita 2,000 au 3,000 pamoja na filta mpaka inayotoka ianze kuwa safi, ndipo nafikiria kupanda daraja. Na kama inakula lita kwa kila kilomita 1,000, pima kompresheni na sili za valvu kabla ya kununua dumu lolote.

Wenye pikipiki zenye klachi inayoogelea kwenye oili: hizi za magari ziacheni. Tafuteni dumu lililoandikwa JASO MA au MA2, kiwango cha Kijapani cha oili ya pikipiki, vinginevyo klachi inaweza kuteleza.