Kalavati limeniumbua
Leo nimeaibika mbele ya kompyuta yangu mwenyewe. Nilikuwa nakagua hesabu zangu za zamani za kalavati (njia ya kupitisha maji chini ya barabara): eneo la kukusanya maji hekta 40, mashamba na nyasi tupu, C (sehemu ya mvua inayotiririka badala ya kuzama ardhini) nikaweka 0.35, mvua milimita 60 kwa saa. Mtiririko wa kilele Q = CiA (C mara ukali wa mvua i mara eneo A), gawanya kwa 360, unapata kama mita za ujazo 2.3 kwa sekunde. Safi kabisa.

Sasa eneo lile limejaa mapaa na lami. C imepanda hadi 0.7, nikadhani mtiririko wa kilele utakuwa mara mbili tu. Kumbe! Juu ya lami maji hayasubiri mtu. Muda wa maji kukusanyika (kutoka pembe ya mbali hadi kwenye kalavati) umeshuka kutoka dakika 30 hadi 15, na mvua ya muda mfupi ndiyo kali zaidi, kwa hiyo kwenye jedwali lilelile la mvua ya miaka 25 (kubwa kiasi cha kutokea kwa wastani mara moja katika miaka 25) nikasoma 90 badala ya 60. Jibu: mita za ujazo 7. Mara tatu!

(Na hapo sijagusa takataka zinazoziba mdomo wa kalavati. Hizo hazina fomula.)

Kesho narudi kupima mteremko upya, maana ule wa kwanza niliutoa kwenye ramani tu.