Springi chini ya spika: namna nilivyotuliza kabati la sebuleni

Ilimba ya Kigogo, ala ya vijiti vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, ina mvumo wake, na mvumo huo umewekwa makusudi. Bila huo haijakamilika. Lakini nilipokuwa nasikiliza rekodi za Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo, hapa nyumbani Nkuhungu, Dodoma, sikuweza kutofautisha mvumo wa ilimba na kelele za vikombe. Spika zangu zinakaa juu ya kabati la vyombo, na besi ikishuka, vioo vya milango vinalia na vikombe vinagongana. Iliniuma, kwa sababu muziki ule naupenda.

Nikaamua kuweka springi, nne chini ya kila spika. Zile zilizotengenezwa maalumu kwa kazi hiyo bei yake sikuiweza, kwa hiyo nikaenda kwa wauza vyuma chakavu upande wa Majengo, nikachambua springi za kubana, si za kuvuta.

Cha kuangalia ni kimoja: springi inabonyea kiasi gani ikishabeba mzigo wake. Ikibonyea milimita 2.5, mtikisiko wake wa asili uko kwenye hezi 10, yaani mara 10 kwa sekunde. Ikibonyea milimita 10, unashuka hadi hezi 5. Springi huanza kuzuia mitetemo kuanzia kama mara 1.4 ya hapo kwenda juu. Kwenye hezi zake yenyewe hali ni mbaya zaidi, inaongeza mtikisiko. Spika zangu hazishuki chini ya hezi 50, kwa hiyo springi ya hezi 5 inanitosha kabisa.

Spika moja ina kilo 12. Nikapanga springi nne sakafuni, nikalaza ubao juu yake, kisha mfuko wa mchele wa kilo 10 na sukari kilo 2, nikapima kwa rula kabla na baada. Za klachi ya pikipiki hazikubonyea hata kidogo. Nyingine, laini mno, ziligandana pete kwa pete, na springi iliyobanwa mpaka mwisho ni kipande cha chuma tu. Nikachukua zilizoshuka milimita 9 hadi 10.

Spika ilipokaa juu yake ikainamia mbele, maana sumaku nzito iko upande huo. Nikazisogeza springi mbele kidogo kidogo mpaka pima maji ikatulia katikati. Ndani ya kila springi nikashindilia kipande cha sponji ya godoro, kwa sababu springi tupu nayo ina mlio wake ukiigonga.

Sasa ukiweka kiganja juu ya kabati wakati muheme, ngoma ya Wagogo, inapigwa, unahisi kidogo sana. Vikombe vimenyamaza, mvumo wa ilimba umebaki peke yake, na besi imekuwa safi, kila pigo linaishia pale linapoishia. Vioo vya dirisha bado vinalia sauti ikiwa kubwa, kwa sababu mtetemo huo unapita hewani na springi haiugusi. Nilizijaribu pia kwenye sakafu ya zege. Tofauti ni ndogo, sishauri mtu ahangaike. Na spika ndefu za kusimama chini, kama nyumba ina watoto, usiziweke kwenye springi. Zinayumba.

Kinachofuata ni mashine ya santuri. Mkono wa sindano wenyewe hutikisika kati ya hezi 8 na 12, kwa hiyo natafuta springi zitakazobonyea milimita 15 chini ya uzito wake, ili zishuke hadi hezi 4.