Bomba namba nne

Januari 2010 Unguja nzima ilikua gizani, waya wa umeme unaotoka bara ulikufa Desemba na mpaka Machi ndo tukaona taa tena, na mimi ndo kwanza nlikua naanza fildi ya masta pale ghuba ya Chwaka. Kazi yenyewe ukiielezea watu wanacheka. Nlikua napima tope. Yani chini ya bahari majani na mizoga inaoza, amonia na fosfeti zinatoka kwenye tope zinarudi kwenye maji, mara nyingine maji ndo yanalipa tope, sasa nani anampa nani na kiasi gani kwa saa, bas hilo ndo swali.

Unachukua bomba la plastiki gumu la kuona ndani, unalididimiza taratiiibu usivuruge kitu, unaziba juu, unaziba chini, linatoka na tope nusu maji nusu. Unaliweka gizani kwenye pipa la maji ya bahari yenye joto lilelile la kule, kijisumaku kinakoroga ndani, kila baada ya saa mbili unavuta maji kidogo kwa sirinji, unachuja, unatia kwenye deli la barafu. Na lazima bomba moja liwe na maji matupu, hilo la kulinganishia, tunaliita kontroo.

Siku hiyo ilikua bamvua, na Chwaka maji yakikupwa bahari inakimbia mpaka unaisahau, kina mama wako kwenye mwani wao, sisi tumesimama kwenye maji ya magoti na mabomba yetu. Bomba la nne nikalilenga pembeni ya kijichuguu cha mchanga, vile vidogo kama vimemwagwa na faneli. Mzee mwenye ngalawa akanambia, "Mwanangu, hapo usichukue, hapo pana mwenyewe." Mimi mtu wa Morogoro, nkajua tu hayo ni mambo ya mashetani ya pwani, nkamjibu kwa adabu "Sawa mzee", nkalididimiza hapohapo.

Usiku ule sitausahau. Jaribio la gizani kwenye kisiwa kilicho gizani, vijisumaku vinazungushwa kwa betri ya gari, mbu, tochi mdomoni, mlinzi nje anavuta sigara yake ananipigia stori. Alfajiri nkamaliza, mabomba nikayaacha kwenye pipa, nikaondoka na sampuli kwenda mjini.

Labu tukawasha jenereta. Amonia inapimwa kwa rangi, unatia fenoli na klorini (ileile iliyomo kwenye Jiki), unasubiri, maji yanageuka buluu, amonia ikiwa nyingi buluu inakolea. Mabomba mengine buluu ya kistaarabu. La nne, wino mtupu! Hesabu yake sio ngumu, maji yakiwa na kimo cha sentimita 20, kila maikromoli 1 (kipimo kidogo sana cha kiasi cha kemikali) kwa lita inayopanda kwa saa ni maikromoli 200 zinazotoka kwenye mita moja ya mraba ya tope, kwahiyo kosa dogo kwenye chupa linakua kubwa sana kwenye karatasi.

Na amonia ni mbea, inadandia sampuli kutoka kila kitu, jasho la vidole, dawa ya kupigia deki, moshi wa sigara. Moja kwa moja nkamtupia lawama mlinzi, niliporudi nkamsema kwelikweli, maskini akaomba radhi. Wakati ukifikiria hata dakika moja, kama ni moshi kontroo nayo ingepanda, na kontroo ilikua imetulia kabisa, ndo maana ya kuwa nayo jamani. Sikufikiria. Msimamizi wangu kwenye simu akasema hilo litoe, nami nkalipiga mstari kwenye daftari kwa peni nyekundu.

Ilibaki kukata tope. Unalisukuma kutoka chini unalikata vipande vipande kama boflo. Juu kuna utando mwembamba wa kahawia, hapo ndo oksijeni inapoishia, chini yake jeusi linanuka yai viza. Ila la nne lilikua na mfereji wa kahawia unashuka ndani ya weusi, sentimita tano, kumi, na kwenye kumi na tano kisu kikagota. Kamba mdogo mweupe, laini, gando moja kubwa kama kaliazima kwa kaka yake, bado anachezesha miguu.

Kumbe usiku kucha alikua anapiga maji kwenye shimo lake, anayapitisha kule chini kwenye amonia iliyojikusanya, anayarudisha juu, na mkojo wake mwenyewe juu yake. Ghuba nzima ina vichuguu hivyo, mimi ndo nataka kupima bahari isiyo na wenyeji. Nkalirudisha bomba kwenye jedwali, kwa safu yake peke yake. Mlinzi nilimpelekea pakti ya sigara, aibu imenijaa.

Safari iliyofuata nkamsimulia mzee. Akacheka mpaka akaachia pondo. "Si n'shakwambia pana mwenyewe? Haya, na sasa yuko wapi?"

"Yuko kwenye chupa ya spiriti, mzee."

Akanyamaza, akaokota pondo lake.