Siku moja maishani mwangu: napima mionzi Nairobi

Saa kumi na mbili asubuhi niko ndani ya matatu, Barabara ya Thika. Saa mbili nafungua maabara na kumimina nitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, maana kigunduzi cha jemaniamu, kifaa kinachotambua mionzi, kikipata joto hakisomi lolote la maana. Kisha ni kukausha udongo, kusaga, kuchekecha, kufunga mikebe.

Saa tano akaingia mzee anayeuza vigae vya graniti. Mteja wake amesoma kwenye simu kwamba graniti ina mionzi, sasa hataki kulipa. "Binti yangu, niandikie barua leo kwamba ni salama."

Nikawasha kihesabio cha Geiger, kifaa kinacholia kikinasa mionzi. Kikaanza kulia kabla kigae hakijatoka mfukoni, naye akarudi nyuma hadi mlangoni. Nikamweleza: mionzi hiyo ni ya kuta, ni ya ardhi, ni ya miale ya angani, ambayo hapa kwenye mita 1,700 hutufikia kwa wingi kuliko Mombasa. Hata miili yetu ina potasiamu 40, aina ya potasiamu yenye mionzi. Kwa wastani duniani, mtu hupata milisiverti (kipimo cha mionzi mwilini) 2.4 kwa mwaka kutoka vyanzo vya asili, na karibu nusu ni radoni, gesi itokayo ardhini na kujikusanya ndani ya nyumba.

"Basi andika hayo hayo."

Siwezi. Kigae lazima kisagwe, kifungwe mkebeni bila kupitisha hewa takriban wiki nne, hadi mionzi ya radoni ilingane na ya radiamu, elementi iliyomo kwenye jiwe na inayoizaa. Ndipo nihesabu. "Wiki nne! Hii mashine ni ya kazi gani?" Akampigia mtu wake, akanipa simu, nikarudia yote. Mwishowe akauliza kama kuna namna ya kunishukuru ili mambo yaende haraka. Hapo nilikasirika kweli. Kuna mtoto atakayetambaa juu ya sakafu hiyo! Aliondoka saa nane kasoro, kigae akakiacha.

Chakula nilikula nimesimama. Mchana ukayoyoma kwenye udongo wa Kilima cha Mrima, Kwale: kwenye grafu, kilele cha thaliamu 208 kikachomoza kwenye keV 2614 (kipimo cha nishati), alama ya thoriamu, metali yenye mionzi, na uchovu wote ukanitoka kwa muda. Kisha ukarudi, mfuniko wa kasha la madini ya risasi linalokinga kigunduzi haubebeki kwa mikono iliyochoka. Nikaweka mkebe mtupu uhesabiwe usiku kucha, ili mionzi ya chumba chenyewe tuitoe kwenye matokeo.

Nikiwa Roysambu simu ikalia. Mzee, akiuliza kama barua iko tayari. Nikamtajia tarehe tena, polepole.