Ukipata Faragha

Assalaam alaykum, ndugu zangu katika imani.

Wiki hii nimekaa na aya moja fupi, ya 7 katika sura ya 94: "Fa idhaa faraghta fansab." Ukipata faragha, fanya juhudi. Wengi wetu tuliihifadhi utotoni chuoni, na tunaikimbilia kwenye Sala kwa kuwa sura nzima ni aya nane tu. Mimi nimeisoma kwa mtindo huo zaidi ya miaka hamsini. Ilianza kunisemesha nilipostaafu.

Nilifundisha shule za msingi hapa Tanga miaka 36. Siku yangu ilikatwakatwa na kengele, na kengele yenyewe ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa kwenye mwembe, kinagongwa kwa nondo. (Reli ya kwanza ya Tanganyika ilianzia mjini kwetu, enzi za Wajerumani, basi vipande havikutuadimikia.) Hata kiu niliizoeza kungoja mapumziko. Nilipofika miaka 60 nikaagwa kwa saa ya ukutani na maneno mazuri, na keshoye, baada ya Sala ya alfajiri, nikavaa suruali ya kazi, nikachomekea shati, nikaketi kitandani. Mke wangu akaniangalia. "Mwalimu, waenda wapi?" Sikuwa na jibu.

Mwanzoni ile aya niliielewa vibaya. Nilidhani naamrishwa kutafuta kazi nyingine upesi. Nikafuga kuku, ukapita mdondo, nikazika kuku kwa siku tatu mfululizo. Nikafungua tuisheni barazani, watoto wakaja wiki mbili, wakatoweka na chaki zangu. Wafasiri wameieleza aya hii kwa njia zaidi ya moja: wapo waliosema ukimaliza Sala simama na dua, wapo waliosema ukimaliza shughuli za dunia ingia kwenye ibada. Sikumwona aliyesema fuga kuku.

Kilichonifungua macho ni soko la samaki. Siku hizi huenda kwa baiskeli, jua likiwa bado changa, nikanunue kitoweo. Siku moja niliwakuta wavuvi ndiyo kwanza wameshusha vibua. Kijana mmoja, macho mekundu kwa kukesha, akamwambia dalali, "We toa tu, nataka kulala." Dalali akatoa. Ndoo ikaenda kwa bei ya kutupa. Kijana alikuwa hajamaliza kusuuza miguu yake mchanga, akaja mchuuzi wa pikipiki mwenye haraka ya kwenda Muheza, na ndoo ileile ikauzwa upya mbele ya macho yake, bei karibu mara mbili. Akasimama na mguu mmoja juu, maji yanamdondoka.

Ndipo nikaikumbuka Hadithi aliyoipokea Bukhari kutoka kwa Ibn Abbas, kwamba zipo neema mbili ambazo watu wengi hupunjika kwazo: afya na faragha. Neno la Kiarabu pale ni "maghbuun". Ni neno la sokoni hilo. Ndiye yule aliyeuza kwa hasara, bidhaa ikiwa mkononi mwake, kwa kutojua thamani yake au kwa usingizi. Na tazameni, faragha ya kwenye Hadithi na ya kwenye aya ni mzizi mmoja. Kwetu Waswahili neno hilo limebaki na maana ya pembeni, mahali pa siri, lakini asili yake ni nafasi, mikono kuwa mitupu. Nilirudi nyumbani taratibu siku ile, vibua vikining'inia kwenye usukani, najiuliza asubuhi zangu nimekuwa nikimuuzia nani. Nyingine nimeiuzia simu. Nyingine nimeiuzia barazani kwa kumjadili mtu ambaye hayupo.

Sisemi baraza ni upotevu. Kahawa ya jirani yetu pale Ngamiani siiachi. Anaimimina kutoka kwenye dele, nyeusi, ina tangawizi, na kashata ya nazi pembeni ambayo meno yangu ya sasa hayaipendi. Zamani chai ya ofisini niliimeza kwa mkupuo huku nasahihisha madaftari; nikikwambia ilikuwa na sukari au haikuwa nayo, nakudanganya. Sasa naishika finjani mpaka vidole vipate joto, nasema Bismillah, nanywa funda moja, nasema Alhamdulillah, naitua. Imamu Muslim, mkusanyaji wa Hadithi kama Bukhari, amepokea kuwa Mwenyezi Mungu humridhia mja anayekula tonge akamshukuru kwalo, na akanywa funda akamshukuru kwalo. Funda! Kwa miaka 36 nilipitwa na mafunda mangapi?

Baada ya Alasiri, kukiwa hakuna mvua, huteremka hadi Bustani ya Jamhuri nikatazame bahari, na Kisiwa cha Toteni palepale pazito kwa kijani. Meli siku hizi zinafunga gatini. Enzi zetu zilitia nanga mbali, mizigo ikaja kwa matishari. Nakaa tu. Nilikuwa naona haya kukaa tu, mtu mzima, mchana. Lakini ukikaa hivyo, nyoyo zina tabia ya kuleta mafaili ya zamani. Kazini kengele ilikuwa inagonga kabla faili halijafunguka.

Faili lililokuwa likinijia ni la mtoto mmoja wa darasa la tano. Nilimchapa kwa kuchelewa, sikumuuliza sababu. Baadaye mwalimu mwenzangu akaniambia mama yake alikuwa amelazwa, na yeye ndiye aliyekuwa akipeleka uji wodini kila alfajiri. Nilisema moyoni nitamwita nizungumze naye. Ikagongwa kengele. Nikasahau, au nilijifanya nimesahau. Sina hakika mpaka leo.

Huyo mtoto sasa ni fundi baiskeli wangu, na tangu nistaafu hajapata kunitoza pancha. "Shikamoo mwalimu," halafu anaigeuza baiskeli miguu juu kabla sijaitikia. Fansab, ikaniambia aya. Basi Jumanne nilikwenda, baiskeli nzima, haina hitilafu yoyote.

Akalizungusha gurudumu, akasikiliza. "Haina kitu hii, mwalimu."

Nikamwambia nimekuja kwa jambo jingine. Nikaanza kueleza, sauti ikanikwama kama mgeni wa kuhutubia. Nikasema, "Nilikuchapa viboko vitatu, na hukuwa na kosa. Naomba unisamehe."

Hakuniangalia. Alichukua kitambaa, akafuta mnyororo pingili kwa pingili.

"Vinne," akasema. "Vilikuwa vinne, mwalimu."

"Vinne."

"Na uji ulikuwa umenimwagikia. Ndiyo maana nilirudi nyumbani kubadilisha shati, nikachelewa zaidi." Akacheka kidogo, akanyoosha mkono bila kuinua uso. "Nisogezee hiyo pampu hapo nyuma yako. Gurudumu la mbele limepungua upepo."

Nikamsogezea. Akaniachia nipampu mwenyewe, yeye akashika mpira wa valvu kwa vidole viwili, hadi muadhini alipoanza.